Jamhuri Dei Nyumbani na Watoto: Mwongozo Kamili wa Sisi Watu wa Fleti

Miaka mitatu iliyopita, tarehe 12 Desemba, niliamka mapema nikawasha tivi, nikawapanga watoto kwenye sofa na chai na mandazi, nikajua hapo nimemaliza kazi ya mzazi. Saa nne hivi, wakubwa bado wanaingia uwanjani na misafara yao mmoja mmoja, tokeni ya stima ikaisha, na ni mimi nilikuwa nimesahau kununua. Giza kwa tivi. Unadhani kuna mtoto alilia? Walishuka ngazi mbio kwenda kucheza kati huko chini, halafu wa mwisho akarudi kuchukua viatu, akasimama hapo mlangoni akaniuliza, "Mami, kwani Jamhuri ni nani?"

Alidhani ni mtu! Na ukifikiria vizuri mtoto hakuwa na makosa, juu kuna Mama Ngina, kuna Kimathi, kuna Moi, zote ni barabara za tauni, yaani katikati ya Nairobi, na zote ni watu, sasa yeye atajuaje Jamhuri si jina la mzee fulani.

Tangu hiyo siku tumebadilisha kila kitu, na nimeona kitu kimoja tu ndio hufanya watoto wakumbuke: kila mtoto awe na kazi yake, kazi ya ukweli, yenye asipofanya sherehe inaharibika. Mengine yote nitakayosema hapa yanatoka hapo.

Kwanza chagua siku

Katiba ya 2010, kifungu cha 9, inataja siku tatu za kitaifa: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Unaweza kufanya zote kama una nguvu, mimi sina. Juni Nairobi ni baridi na watoto wako shule, Oktoba mitihani iko karibu na kila mtu ana presha, lakini Desemba shule zimefungwa na watoto wamekaa hapo wakikuuliza watafanya nini leo. Shida ya Desemba ni ushago, ile safari ya kwenda kijijini kwa wazee. Kama mnasafiri tarehe 10, basi hamisha sherehe uende nayo ushago, na kusema ukweli huko inaweza kuwa tamu zaidi, juu wazee wako hapo hapo. Ikiangukia Jumapili usikimbie, Jumatatu pia ni holidei.

Wiki mbili kabla: gawa vyeo

Usiseme "nani anataka kusaidia?" Hakuna mtu atataka. Sema, wewe ndio Mkubwa wa Bendera, wewe ndio Mkubwa wa Wimbo, wewe Mkubwa wa Shosho (huyu ndio anapigia shosho, yaani bibi, simu, anaandika maswali na kurekodi hadithi), na kama kuna mdogo kabisa yeye ni Mkubwa wa Taa, utaona kwa nini. Andika kwa karatasi ubandike kwa friji. Msichana wangu wa miaka 11 alikuwa anajifanya hajali lakini siku ya pili nikamkuta ameongeza kwa kalamu nyekundu hapo kando ya jina lake, "asiguswe".

Halafu hapo hapo waeleze hii maneno ya tarehe, juu wengi hata sisi wazazi tunachanganya. Mimi hutumia mfano wa ploti. Tarehe 1 Juni 1963 landilodi alitupatia funguo za nyumba, tukaanza kujipangia mambo ya ndani, hiyo ni Madaraka. Tarehe 12 Desemba 1963 tukapewa na funguo za geti, huo ni Uhuru. Lakini jina kwenye hati ya ploti bado lilikuwa la Malkia wa Uingereza, yeye ndio alikuwa mkuu wa nchi, na hapa Nairobi alikuwa na gavana jenerali wa kumwakilisha. Tarehe 12 Desemba 1964, mwaka mmoja kamili baadaye, hati ikaandikwa jina letu, Jomo Kenyatta akatoka kuwa waziri mkuu akawa rais, nchi ikaitwa jamhuri. Mtoto wa Nairobi hata akiwa na miaka 7 anajua landilodi ni nani, huhitaji kuongeza kitu.

Bendera, na hapa tumia rula

Hii ndio sehemu yenye wazazi wengi huharibu, wanachukua karatasi wanapaka rangi tatu kwa macho tu, na ile mistari myeupe inatoka minene kama barabara. Bendera ya Kenya ina hesabu yake. Chukua manila pepa, kata urefu sentimita 30 na kimo sentimita 20. Sasa kutoka juu pima 6 nyeusi, 1 nyeupe, 6 nyekundu, 1 nyeupe, 6 kijani. Jumla 20. Kama hamna manila, daftari la hesabu la viboksi linafaa kabisa, mtoto anahesabu viboksi badala ya sentimita, na hapo bila kujua amefanya somo la uwiano kwa holidei.

Anza na nyekundu na kijani, nyeusi iwe ya mwisho. Tulianza na nyeusi mwaka wa kwanza na kiganja cha kijana kikaburuta ule weusi mpaka kwenye kijani, bendera ikaonekana kama imetoka jua kali. Ngao ya katikati ni ya Kimaasai na mikuki miwili imepishana nyuma yake. Kuchora ngao iwe sawa pande zote, kunja karatasi katikati mara moja, chora nusu, kata, kunjua, halafu gundisha. Gundi ikiisha koroga unga wa ngano na maji kidogo kwa moto mdogo. Mti wa bendera ni kijiti cha mshikaki, kata ile ncha.

Wakipaka rangi ndio uwaambie maana, usiwakalishe chini kama darasani: nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Na kama una bendera ya kitambaa, isiwe kitambaa cha meza, isiguse chini, na usiichomeke kwa gari ukienda kununua nyama, kupeperusha bendera kwa gari ni ruhusa ya wakubwa wachache waliotajwa kwenye sheria.

Kipande cha kiberiti

Hii nilibuni mwenyewe na ndio inapendwa ama kuchukiwa zaidi, sijui niseme aje. Unajua sisi mpaka leo kitambulisho tunaita kipande. Hiyo jina ina historia. Kuanzia 1920 hivi, wakati wa mkoloni, mwanaume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole, kabila lake, mwajiri wake na mshahara wake, na ile karatasi ilikaa ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Huwezi kuacha kazi kama mwajiri hajakuandikia kwamba amekuachilia.

Chukua boksi tupu la kiberiti, toboa, pitisha uzi. Ndani weka karatasi ndogo: jina, miaka, "mwajiri" ambaye ni kaka ama dada, na mshahara ambao ni njugu tano. Tarehe 11 mchana, kwa masaa mawili tu, anayevaa lazima aonyeshe kipande kila anapopita koridoo kwenda jikoni ama choo. Halafu wabadilishane. Kijana wangu alivaa wa kwanza. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tatu alifungua lile boksi polepole bila kuongea, dada yake akasoma karatasi yote kwa sauti, neno kwa neno, akaangalia nyuma na mbele kama ni feki, akasema "rudi nyuma, hii haijapigwa sahihi." Mara ya tano kijana akalia kwa hasira akaitupa chini ya kochi akasema hataki mchezo wa ujinga. Nikamwambia sawa, imeisha, kuja hapa tuongee. Hapo ndio nilimweleza watu walikuwa wanataka nini miaka yote hiyo, na alinisikiliza vile hajawahi kunisikiliza. Lakini angalia watoto wako, kama mmoja ni mpole sana ama huwa anaonewa shuleni, anza na mtu mzima avae.

Usiku wa tarehe 11

Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, pale Uhuru Gardens kwa Lang'ata Road, saa sita usiku taa zilizimwa, bendera ya Uingereza ikashushwa gizani, taa zikawaka na bendera yetu ndio iko juu. Prince Philip alikuwa hapo kwa niaba ya Malkia. Usiku huo huo Kisoi Munyao, mpanda milima, alikuwa kwenye baridi ya Mlima Kenya akipandisha bendera nyingine huko juu.

Sisi tunafanya saa mbili usiku, sita ni ya watu wazima na mtoto aliyelala saa saba hutampenda kesho yake. Funga kamba kwa fimbo ya pazia. Upande mmoja ning'iniza taulo kuukuu la jikoni, hilo ndilo la mkoloni, upande mwingine ile bendera ya manila. Mkubwa wa Taa anasimama kwa swichi. Mnahesabu kutoka kumi kurudi nyuma, moja anazima, Mkubwa wa Bendera anavuta kamba gizani (hapa lazima mtu atamkanyaga mwingine), halafu "washa!" na kelele zenye jirani atasikia. Mwambie jirani mapema ama umwite kabisa na wake. Mwaka jana tulikuwa watoto tisa sebuleni na fimbo ya pazia ikang'oka na skrubu zake, kwa hivyo nashauri msumari wa ukutani.

Kabla walale, loweka njahi. Usisahau kama tokeni zangu.

Asubuhi

Tivi iko, sijasema msiangalie, lakini iwe kwa kipimo. Sehemu tamu kwa mtoto ni gwaride, bendi, mizinga 21 na ndege zikipita. Mchoree kila mmoja kadi ya bingo yenye viboksi tisa: mtu amevaa kofia ya manyoya, tarumbeta, farasi, ndege tatu pamoja, mtu anapiga miayo, mwanajeshi mwanamke, mtu amesema "Harambee", na kadhalika. Anayejaza kwanza anapata mguu wa kuku. Hotuba zikianza zima, ama waachie mababa.

Wimbo wa taifa muimbe kabla ya chai, mmesimama wima. Beti ni tatu na ukweli ni kwamba watu wazima wengi wanajua wa kwanza halafu wanaanza kutafuna maneno. Hiyo ndio kazi ya Mkubwa wa Wimbo, wiki mbili amekuwa akifundisha nyumba yote ubeti wa pili na wa tatu, ukiwa unaosha vyombo, ukiwa kwa lifti kama mko na lifti. Na waambie sauti yake ilitoka wapi: ni wimbo wa mama wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, kutoka Tana River, kamati ya watu watano wakaufanyia kazi 1963. Imbeni mara moja polepole kabisa kama mnalaza mtoto, mtasikia. Wangu wa mwisho alinyamaza halafu akasema, "kumbe ni ya kulala."

Mlo: sahani ya bendera

Watu wengi watakuambia nyama choma na ni sawa, lakini kama uko fleti tafadhali jiko la makaa lisiingie ndani ya nyumba wala lisikae kwa balkoni iliyofungwa madirisha, ule moshi usioonekana unaua watu kimya kimya. Muulize keyateka kama mnaweza kupanda ruf. Sisi nyama tunanunua imechomwa tayari, nguvu zetu tunaweka kwa trei ya bendera.

Weusi ni njahi. Nusu kilo inatosha watu wanane kukiwa na vingine. Zimeloweshwa usiku, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, chemsha dakika kumi, mwaga tena, hapo ndio uchungu unatoka. Halafu presha kuka dakika 40 ama sufuria masaa mawili. Kaanga kitunguu, tia karoti, njahi, tui la nazi, chumvi, acha ikauke kabisa, ikiwa na mchuzi bendera itavuja. Zikiiva zinakuwa za kahawia iliyokolea, hakuna mtoto atakushtaki. Na uwaonyeshe kabla upike, kila punje nyeusi ya njahi ina kamstari keupe, ni kama ilijua.

Nyekundu ni nyanya zilizoiva na hoho nyekundu, kata ndogo, toa mbegu na maji, ndimu na chumvi kidogo. Bitiruti usijaribu, inatoa zambarau na kila kitu kinageuka zambarau, wali, vidole, shati. Kijani ni sukuma wiki iliyokatwa nyembamba ama mchicha, ukamue vizuri. Nyeupe ni wali, pika kilo moja, mistari itachukua kidogo na watoto watamaliza iliyobaki.

Trei ya oveni ama sinia la mstatili, tandika jani la mgomba ama foili, na sasa Mkubwa wa Bendera anakuja na rula yake, ndio, rula kwa chakula, osha kwanza. Sita, moja, sita, moja, sita. Ngao ni nusu ya yai la kuchemsha na mikuki ni vijiti viwili vya meno. Piga picha haraka kabla ya mtu kula ngao, kwetu imeliwa kabla ya picha mara mbili kati ya tatu. Chapati pembeni, maana bila chapati watoto wa Nairobi hawajui kama ni sherehe. Jirani akija aje na yake: kama mnatoka pande tofauti waambie walete cha kwao, sisi tumekula muthokoi wa jirani wa chini na omena ya wa juu kwenye meza moja na nimejua mapishi ambayo sikuwa najua.

Baada ya kula: Mkubwa wa Shosho

Hapa ndio pa kuweka wakati, saa nzima ikiwezekana. Simu iwe na chaji, weka flight mode isipigwe katikati ya kurekodi, iweke kwa glasi tupu karibu na anayeongea.

Maswali yasiwe makubwa. Ukimuuliza mzee "Uhuru ulikuwaje?" atakwambia ulikuwa mzuri, amemaliza. Muulize mlikuwa mnalala wapi, nani alikuwa wa kwanza kijijini kununua redio, ulivaa viatu ukiwa na miaka mingapi, hiyo siku mlikula nini. Mama mkwe wangu alikuwa na miaka 9 huko Murang'a, na swali la bendera halikumfanya kitu. Kijana akamuuliza kuhusu chakula. Akakaa kidogo, akaanza kufuta meza na kiganja pahali hapakuwa na uchafu, akasema walipewa chai kwenye uwanja wa shule, chai ya sukari nyingi, na hakukuwa na vikombe vya kutosha, kwa hivyo yeye na dada yake walikunywa kikombe kimoja kwa zamu, na dada yake ndiye aliyepata ule mwisho wenye sukari imekaa chini. "Mpaka leo sijamsamehe," akasema, na huyo dada ameshakufa zamani. Watoto hawakujua wacheke ama wanyamaze.

Lakini angalia uso. Dharura, ile hali ya hatari ya mkoloni wakati wa Mau Mau, ilitangazwa Oktoba 1952 na kuisha 1960, watu zaidi ya milioni moja walihamishwa wakawekwa kwenye vijiji vya kufungiwa, na kuna wazee wana mambo ya hiyo miaka hawajawahi kuambia hata watoto wao. Akisema "wacha hiyo", wacheni. Kama hamna shosho karibu, mpigie simu, ama tumia baba: wetu akianza maneno ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni ya miaka ya themanini, zile pakiti za pembetatu, watoto wanamsikiliza kama ametoka mwezini.

Halafu shujaa mmoja, mmoja tu kwa mwaka, usiwape orodha. Mwaka jana ilikuwa Mekatilili wa Menza wa Wagiriama, 1913. Inasimuliwa kwamba mbele ya mzungu wa serikali alileta kuku na vifaranga, akamwambia chukua kifaranga kimoja, kuku akamdonoa, akasema hivyo ndivyo itakuwa mkichukua vijana wetu. Walimhamisha mpaka Kisii, akatoroka 1914 akarudi Pwani kwa miguu. Fungueni ramani kwa simu muone Kisii iko wapi na Malindi iko wapi. Watoto wakaigiza, kuku alikuwa jirani wa miaka 4 na alidonoa kweli kweli.

Kama mko na nguvu bado

Saa kumi hivi tauni huwa imetulia hiyo siku, mnapanda matatu mnashuka, mnatembea. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, iko pale Kimathi Street na Mama Ngina Street zinapokutana, ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe gereza la Kamiti. Kutoka hapo ni dakika chache mpaka ya waziri Tom Mboya kwa Moi Avenue, karibu na pahali alipopigwa risasi 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38. Waache wasome maandishi wenyewe. Ukirudi nunua tokeni.

Njahi zikibaki, kesho yake ponda na waru na ndizi mbichi zilizochemshwa, kaanga kitunguu kidogo juu, na ile sukuma iliyobaki itupe ndani hapo hapo.